Ajizi na Kazi

Ajizi ni nyumba ya njaa, walisema wahenga, na hakuna aliyepata kuwakanusha. Lakini wapo watu wawili walitumiao neno hili vibaya. Wa kwanza ni mkemeaji, asemaye kwamba mwenye ajizi hafai kwa kazi yoyote mpaka tabia yake imtoke kwanza. Wa pili ni mwenye ajizi mwenyewe, ambaye huyapokea maneno ya mkemeaji kwa furaha, kwani yanampa ruhusa ya kukaa kitako akingoja siku atakayogeuka kuwa mtu mwingine. Wote wawili wamekosea. Tabia ya kuahirisha huenda isiishe upesi, na pengine isiishe kabisa; lakini kazi yaweza kufanywa hali tabia ingalipo. Hilo ndilo nitakalolitetea, na shahidi wangu ni shamba.

Tutazame Bukura, katika Kaunti ya Kakamega, mahali palipojulikana kwa mafunzo ya kilimo tangu miaka ya 1920, na ambapo Chuo cha Kilimo kingali kinafundisha vijana. Mvua kubwa za huko kwa kawaida huanza mwezi wa Machi, na mahindi hutaka kuwa ardhini zinapoanza. Mkulima aliyeahirisha kulima mwezi wa Januari na wa Februari huikuta mvua imefika na shamba lingali magugu. Aweza kumwomba radhi baba yake, au mwalimu, au karani wa benki, naye akasamehewa. Mvua haina sikio la kusikia udhuru.

Katika miaka ya 1960 mtaalamu A. Y. Allan, aliyefanya utafiti wake Kitale, aliyapima mambo yanayoongeza mavuno ya mahindi katika magharibi ya Kenya. Wakati huo mbegu chotara zilikuwa habari mpya, na wengi walidhani kuwa mbegu hizo pamoja na mbolea ndizo siri yote ya neema. Majaribio yake yalionyesha jambo la kumfedhehesha mwenye ajizi: mbegu ya kienyeji iliyopandwa mapema, kwa nafasi ifaayo, ikapaliliwa vizuri, ilizaa kupita mbegu chotara iliyotiwa mbolea lakini ikapandwa kwa kuchelewa na kupaliliwa ovyo. Mapema haiuzwi dukani wala haikopeshwi. Maskini anayo sawasawa na tajiri, na aliyeitupa hawezi kuirudisha kwa fedha.

Wako wanafunzi wanaojisifu wakisema, "Mimi hufanya kazi vizuri saa ya mwisho inapofika." Hasha! Saa ya mwisho haimpi mtu akili. Humpa hofu tu, na hofu humwondoa kitini. Ameiona kazi aliyoifanya kwa hofu, lakini hajapata kuiona ile ambayo angaliifanya kwa utulivu. Basi analinganisha kitu gani na kitu gani? Mahindi hayakomai usiku mmoja kwa kuogopa mvunaji, wala elimu haikomai usiku mmoja kwa kuogopa mtihani.

Mwaka 1996 John Perry, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, aliandika insha yenye shauri jingine. Alisema kuwa mwenye ajizi aweza kutenda mengi, maana yu tayari kufanya kazi ngumu iwapo kazi hiyo yamwepusha na nyingine iliyo kubwa zaidi. Katika shauri hili mna ukweli, na wakemeaji wangefaa kuusikiliza. Mkulima asiyetaka kuandika hesabu zake na anoe jembe, au atengeneze banda la kuku. Mwanafunzi anayeikimbia hesabu na asome historia badala ya kulala. Aliyekimbia kazi akaangukia kazi hakupotea.

Lakini shauri hili lina ufa. Perry mwenyewe alitaka kazi inayokimbiwa iwe ile ambayo muda wake waonekana mkali bila ya kuwa mkali kwa kweli. Shambani kazi za namna hiyo ni chache. Liko gugu ambalo wakulima wengi wa magharibi ya Kenya huliita kayongo. Gugu hili huinyonya mizizi ya mahindi; mche mmoja huweza kutoa maelfu mengi ya mbegu, na mbegu hizo huweza kukaa ardhini zikiwa hai kwa zaidi ya miaka 10. Mtu aliyeahirisha kuling'oa kabla halijazaa, hata kama muda huo aliutumia kujenga banda zuri kupita yote kijijini, amewarithisha wanawe taabu.

Basi mwenye ajizi na ajifunze kutenga kazi zenye msimu na kazi zisizo na msimu. Hizi za pili na ziwe maficho yake. Humo na akimbilie apendavyo. Zile za kwanza na azifunge kwa kamba tatu. Azikate vipande vidogo: asiseme, "Nitalima shamba," bali aseme, "Nitalima mistari miwili kabla jua halijawa kali." Azifanye pamoja na watu, kama wazee walivyolima kwa ujima, maana ni vigumu kubaki kitandani wenzako wamesimama mlangoni na majembe. Tena aweke vifaa tayari tangu jana, ili asubuhi isikose jembe wala udhuru usipate pa kuingilia. Katika kamba hizi hakuna hata moja inayomtaka aache kwanza tabia yake.

Msomaji, usingoje kuwa mwepesi ndipo uanze. Mavuno hayaulizi kama mkulima alikuwa mtu wa bidii au mtu mzito. Huuliza mbegu iliingia ardhini siku gani. Mzito aliyepanda Machi atakula, na mwepesi aliyepanda Mei atakwenda kuomba kwake.