Moyo wa Binti Aliyepona Saratani



Juma hili twazungumzia jambo ambalo nyumba nyingi hulifunika: binti aliyeugua saratani utotoni, akapona kwa rehema za Mola, na sasa ameolewa na ni mjamzito. Wazazi hunyamaza kwa kuhofia posa isivunjike. Twauelewa uchungu wao. Lakini siri hiyo ikimfuata binti hadi chumba cha kujifungulia, yaweza kumgharimu uhai.

Saratani za utotoni, kama za damu, za tezi na za figo, aghalabu hutibiwa kwa dawa zitiwazo mshipani. Mojawapo ni doksorubisini, ambayo waliouguza watoto wodini huikumbuka kwa wekundu wake. Imeokoa roho nyingi, ila yaweza kuudhoofisha msuli wa moyo, na udhaifu huo ukajificha miaka 10, 20 au zaidi. Mionzi ya kifuani nayo huudhuru moyo. Kadiri kipimo kilivyokuwa kikubwa, ndivyo hatari ilivyo kubwa.

Mimba huweza kuufichua udhaifu huo. Damu ya mjamzito huongezeka kwa karibu nusu, na moyo hulazimika kuisukuma yote. Mzigo huzidi miezi ya mwisho, wakati wa uchungu, na siku za mwanzo za arubaini. Alhamdulillahi, walio wengi hujifungua salama. Muhimu ni kuwatambua mapema wanaohitaji uangalizi.

Hivyo basi, siku ya kwanza ya kliniki binti amweleze mkunga aliugua nini na alitibiwa kwa dawa gani. Mama mzazi aitafute kadi ya zamani. Ikiwa imepotea, hospitali iliyomtibu iulizwe. Kisha aombe kupimwa eko, yaani picha ya moyo ipigwayo kwa mawimbi ya sauti. Haina mionzi wala haimdhuru mtoto. Wataalamu huipendekeza kabla ya mimba, au katika miezi 3 ya mwanzo.

Kwa wakaao Garsen na vijiji vya delta, hili lataka mipango. Hospitali kuu ya kaunti iko Hola. Malindi ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100, na hospitali kuu ya rufaa ya Pwani iko Mombasa. Mto Tana ukifurika, kama ulivyofurika mwishoni mwa 2023, barabara hukatika. Mwenye moyo dhaifu asingoje uchungu umkute ng'ambo ya maji. Ahamie mapema kwa jamaa walio karibu na hospitali.

Akikosa pumzi alalapo, akiamka usiku akitafuta hewa, akizimia, moyo ukimwenda mbio bila sababu, au miguu ikivimba ghafla, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kwake yeye, tusiseme "ni mimba tu." Dawa za moyo nazo asianze wala asiache bila daktari. Na Ramadhani, Sheria imempa ruhusa ya kula mjamzito anayehofia afya yake. Asione haya kuitumia.

Enyi waume na mama wakwe, binti huyu hakuleta aibu nyumbani kwenu. Amekuja na uhai aliopewa mara ya pili, nao ni amana mikononi mwenu. Twamuomba Mwenyezi Mungu awavushe salama, mama na mtoto. Amin.