Huyu Null ni wa Ukoo Gani?

KONA YA KOMPYUTA

Bibi yangu ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama Waswahili hapa Ilford. Kila mwezi huchangishana pesa za kusaidiana msibani, naye huandika kila kitu kwenye daftari. Mwezi uliopita nilijitia ujuzi, nikamwandikia programu kwa Java. Akasoma orodha ya kwanza, akavua miwani: "Mjukuu wangu, hawa kina Asha Null wawili ni wa ukoo gani?"

Kosa lilikuwa langu. Nilitengeneza klasi iitwayo Mwanachama yenye sehemu tatu: jina, baba na mchango. Konstrakta sikuandika. Usipoiandika, Java hukupa moja tupu: kitu huzaliwa, lakini sehemu za maneno hubaki null na za namba hubaki 0. Nilijaza jina na mchango, baba nikamsahau. Kina Asha wakafanana, na pauni 20 za mmoja nikaziandika kwa mwenzake. Pesa za mazishi si za kuchezea.

Dawa yake ni konstrakta. Hubeba jina lile lile la klasi, hairudishi thamani, na hufanya kazi pale kitu kinapoundwa:

Mwanachama(String jina, String baba, String babu) {
    this.jina = jina;
    this.baba = baba;
    this.babu = babu;
}

Neno this hutenganisha jina la kitu chenyewe na jina lililoletwa. Ukiliacha, thamani hujirudia yenyewe na sehemu hubaki null. Sasa new Mwanachama() tupu inakataliwa kabla programu haijaanza, maana ukiandika konstrakta yako Java haikupi tena ile ya bure. Mchango sikuugusa: mwanachama mpya aanze na 0, ni haki yake.

Kwa nini babu, si jina la ukoo kama fomu za hapa? Bibi ni mzaliwa wa Unguja. Anaitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Konstrakta ikidai ukoo, itamlazimisha abuni. Wenye kutumia jina na ukoo nimewaandikia konstrakta ya pili yenye majina mawili, Java inaruhusu.

Kwetu mtoto huweza kusubiri jina hadi siku ya saba. Kitu cha Java usikisubirishe.

Bibi ameikubali programu. Daftari bado liko chini ya mto.