Radi za Usiku Ziwa Victoria: Jioni Tulivu Si Dhamana kwa Mvuvi

Mashariki mwa Ziwa Victoria, mvua nyingi za radi hunyesha alasiri. Ziwani kwenyewe, radi hushamiri kuanzia usiku hadi asubuhi. Mchana nchi kavu hupata joto upesi, nao upepo wa ziwani hupeleka unyevu kwenye miinuko, ambako mawingu hujengeka. Usiku mwelekeo hugeuka: hewa iliyopoa hushuka kutoka nyanda za juu na kukutana juu ya maji yenye joto, katika ziwa la takribani kilomita za mraba 68,800.

Saa hizo ndizo wavuvi wa dagaa huwasha taa zao. Kwa hiyo, kabla ya mtumbwi kuondoka mwaloni, kinachopaswa kuzingatiwa ni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), si utulivu wa jioni.