Usitoe Ile Plastiki ya Boneti

Wasee, nimeona Subaru WRX mbili hapa Migori, boneti juu, watu wamezizunguka na simu. Ya kwanza, chini ya boneti ni rangi ya dhahabu, taa za buluu, na jina la mwenyewe limechorwa kubwa. Noma sana. Hata mimi nilipiga picha, siwezi danganya.

Lakini nikauliza, ile plastiki iko wapi? Fundi akacheka. "Tuliitoa, ilikuwa inaficha rangi."

Hapo ndio nakataa. Kwa WRX, lile tundu la boneti si urembo. Intakula imelala juu ya injini, na ile plastiki iliyofungwa chini ya boneti ndiyo inashika upepo na kuushusha pale pale. Ukiitoa, upepo unatawanyika kando, hewa inafika kwa injini ikiwa bado moto, na nguvu inashuka. Yaani umelipa pesa ndio gari ipoe kasi! Alafu ukitoka Homa Bay kupanda Rodi Kopany, Probox imebeba watu tisa inakupita na unabaki kulaumu petroli.

Sisemi watu waache kupamba. Gari ni yako, jasho ni lako. Tumia tu rangi inayostahimili joto, juu ya kawaida itabambuka.

Ya pili ilikuwa ya msee wa Homa Bay. Yeye alipaka rangi hiyo hiyo plastiki, nyekundu, akairudisha mahali pake. Like yangu ilienda huko.