Kila Sauti Ipewe Kipimo Chake



Kompyuta mpakato imekuwa mhudumu wa misikiti yetu, hata huku kwetu Madibira. Kwa Zoom hutuletea darasa la sheikh aliye mbali, watoto wa madrasa huifuata qiraa iliyorekodiwa humo, na ujumbe wa kamati huingia kwa WhatsApp. Sauti zote hizo hutokea kwenye spika zile zile. Akina mama wanaijua adha yake: darasa la mirathi linasikika kwa unyonge, kisha mlio wa ujumbe unapasua masikio. Anayekimbilia kuupunguza huishusha na sauti ya sheikh.

Vijana wanaoshughulikia mitambo wamependekeza kinunuliwe kidhibiti cha MIDI. MIDI ni utaratibu wa mawasiliano uliotangazwa mwaka 1983 ili vinanda vya umeme vya viwanda mbalimbali viweze kuelewana. Kidhibiti chenyewe hakibebi sauti. Kitufe kinapozungushwa hupeleka namba tu, kuanzia 0 hadi 127, kwa waya wa USB. Programu maalumu ndani ya kompyuta huipokea namba hiyo na kupandisha au kushusha sauti ya programu iliyopangiwa kitufe hicho. Hivyo Zoom inapata kitufe chake, qiraa chake, na WhatsApp chake. Asili yake ya muziki isitutie wasiwasi, kwani chombo hupata hukumu kwa matumizi yake.

Hata hivyo, fedha ya msikiti ni amana, na haifai kununua kitu kabla ya kujua kitaondoa tatizo gani. Kompyuta yenye Windows tayari ina ukurasa wa kurekebisha sauti ya kila programu peke yake, bila gharama yoyote. Mlio wa ujumbe nao unaweza kuzimwa kabisa kabla ya darasa. Kidhibiti huongeza wepesi wa mkono: huhitaji kutafuta ukurasa kwenye skrini huku watu wakisubiri.

Lipo jambo kubwa zaidi, na wakulima wa mpunga watalifahamu upesi. Katika skimu yetu maji hutoka Mto Ndembera, yakaingia mfereji mkuu, kisha mifereji midogo, ndipo yakafika majarubani. Geti la juu laweza kufunguliwa vizuri, na jaruba la mwisho wa mfereji likabaki kavu. Kidhibiti cha MIDI ni geti la juu: hugawa sauti zinazotoka kwenye kompyuta. Hakichagui zifike wapi. Chumba cha wanawake kikiwa na spika moja dhaifu iliyounganishwa pamoja na spika za nje, kuongeza sauti ili wao wasikie ni kuwapigia kelele majirani, na kuipunguza kwa ajili ya majirani ni kuwanyima wao elimu. Dawa yake ni amplifaya au mikisa yenye njia tatu tofauti: ukumbi mkuu, chumba cha wanawake, na nje.

Abu Daawud na Tirmidhi wamepokea kwamba Mtume (saw) alitoka usiku akamkuta Abu Bakr (ra) akisali kwa sauti ya chini, na Umar (ra) kwa sauti ya juu. Kila mmoja alitoa sababu yake njema. Mtume (saw) akamwelekeza Abu Bakr apandishe kidogo, na Umar ashushe kidogo. Hakuwapa wote wawili agizo moja. Kila mmoja alirekebishwa kwa kadiri yake. Nayo Surat al-Israa, aya ya 110, inatuelekeza katika kisomo cha sala tushike njia ya katikati.

Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Kiislamu ya Saudi Arabia iliagiza spika za nje za misikiti zitumike kwa adhana na iqama tu, na sauti isizidi theluthi moja ya uwezo wa mtambo. Nchi yenye Haramain imeona haja ya kumfikiria mgonjwa na mtoto aliyelala. Sisi tunaoishi ukuta kwa ukuta na majirani wa dini nyingine tuna haja zaidi.

Kwa hiyo rai yangu kwa kamati zetu ni hii: kwanza itengenezwe njia ya sauti ya chumba cha wanawake, kisha ya nje itenganishwe, na kidhibiti kije baadaye fedha ikiruhusu. Kabla ya darasa kuanza, dada mmoja aulizwe kama wanasikia, kwa maana aliyekaa kwenye mitambo husikia vizuri siku zote. Wao wamekuja kujifunza haki zao za mirathi na ndoa. Wakirudi nyumbani hawakusikia, tumewanyima kile walichokijia.

Allah (sw) atujaalie kutimiza amana. Wabillahi tawfiq.