Mtani ni Yule Awezaye Kukujibu

Ndugu zangu, siku hizi kijiwe cha kahawa hakimalizi jioni bila watu kubishania maneno. Mmoja atasema "zeruzeru", kijana wa pembeni atamkatiza: mzee, siku hizi tunasema mtu mwenye ualbino. Mzee atashusha kikombe. "Basi tufunge midomo! Kila neno kosa!" Hapo kijiwe kitagawanyika, huku wanaolalamika kwamba watu wamekuwa wepesi wa kununa, kule wanaodai wazee hawafundishiki. Kwenye magroup ya familia ndiyo usiseme. Mtu anajitoa kwa neno moja tu, na mchango wa harusi ya mpwa wake unachangwa bila yeye.

Ombi langu ni kwa pande zote mbili, ingawa sitajifanya nimekaa katikati.

Nianze na wanaosema, "Sisi tumezoea kutaniana." Mnasema kweli, na hilo ni jambo la kujivunia. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19. Leo wajukuu zao ni watani. Mchaga na Mpare wakikutana ofisini, kazi husimama kwanza mmoja aitwe bahili, mwingine aulizwe kama kuna kitu anachojua kuhesabu zaidi ya hela. Msibani mtani hujilaza kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote, au akaigiza mwendo wa marehemu, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Anayetaka kuufuta utani huu kwa jina la heshima hajui alichokishika.

Lakini utazameni unavyokwenda. Mtani wako ni mwenzako: akirusha, nawe unarusha, na anayekuja juu akijibiwa ndiye anayeonekana hana adabu. Tena mtani ana kazi zake. Desturi ilimtaka ashike jembe, asimamie shughuli za maziko wakati wenye msiba wameishiwa nguvu. Kwa hiyo kicheko chake kina mtu nyuma yake.

Sasa mtoto mwenye ualbino wa darasa la tatu akiimbiwa na darasa zima, awajibu nini? Dada wa kazi akiitwa "beki tatu" mbele ya wageni, sinia la chai mkononi, amrudishie mama mwenye nyumba jina la namna hiyo? Ajaribu aone kama hatalala stendi. Konda akimwambia mama mnene, abiria wote wakisikia, "Bonge, lipa siti mbili," atamjibu nini na gari limeshaondoka? Wanaouita huu utani wanauonea utani wenyewe.

Hili la ualbino nalitaja makusudi. Kwetu Tanzania, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, hasa Kanda ya Ziwa, watu waliuawa na wengine kukatwa viungo kwa sababu ya imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Kabla ya panga yalikuwepo maneno: kwamba hawafi bali hutoweka, kwamba si viumbe kama sisi. Katikati ya mauaji hayo, mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge. Mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini wakamchagua Salum Khalfan Barwany. Wote wawili wana ualbino. Tangu 2015 dunia imetenga Juni 13 kuwa siku ya kukuza uelewa juu ya jambo hili. Watu waliowindwa kwa sababu wengine walisadiki kwamba wao si watu, wakiomba jina lao lianze na "mtu", wamekuomba kitu kikubwa kiasi gani mpaka ukasirike?

Nigeukie upande wa pili sasa, na hapa vijana mnisikilize vizuri.

Kuna bibi ambaye mpaka leo anasema "zeruzeru", na ni yeye anayemshonea mjukuu wake mashati ya mikono mirefu, anayemkatalia kwenda kuchunga saa sita mchana, anayeuliza kila mara kama mafuta ya Kilisun, yale ya kukinga jua yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, yamefika kituo cha afya. Na kuna mheshimiwa anayetamka majina yote sawasawa jukwaani, wakati kituo cha afya cha kwao hakina hata kopo moja la mafuta hayo. Ukiniuliza nani amemheshimu mtoto, sihitaji hata kufikiri. Basi usimpigie bibi kelele mbele ya watu. Mpe shikamoo yake, kaa naye pembeni, mwambie mtoto anavyojisikia akiitwa hivyo. Kuyarekodi maneno yake na kuyasambaza hakumfundishi kitu, kunamfanya anyamaze tu.

Na mkubali pia kwamba wazee wanachoka kihalali. Walifundishwa "kilema", wakaambiwa waseme "mlemavu", kisha ikaja sheria ya mwaka 2010 na "mtu mwenye ulemavu". Atakayechanganya si lazima awe na chuki. (Mimi nasikia hata watangazaji wakichanganya, tena katika sentensi moja.)

Maneno ya wanasiasa majukwaani ni jambo jingine. Wenzetu Wakenya wana tume ya uwiano na utangamano ambayo kabla ya uchaguzi wa 2022 ilitoa orodha ya maneno ya kuepukwa, likiwemo "madoadoa". Kwa waliopitia machafuko ya 2007 na 2008, neno hilo lilikuwa tishio la kuwafukuza watu mashambani mwao. Huko serikali ina kazi yake. Ila sebuleni na kijiweni hakuna tume, ni sisi wenyewe.

Wala wanaoitwa majina hayo hawakubaliani wote. Wapo wanaojiita albino bila kinyongo. Mtaani kwetu yupo muuza vitumbua ambaye ndoo yake ameiandika kwa rangi nyekundu MAMA BONGE, na ukimwita vingine hageuki. Njia fupi ni kumuuliza mhusika, naye akishakuambia, usimfanyie ubishi juu ya jina lake mwenyewe.

Kwa hiyo wiki hii naomba mambo madogo. Kama nyumbani kwako kuna dada wa kazi, wafundishe watoto kumwita kwa jina lake, na mshahara wake umfikie kwa tarehe. Kama uliondoka kwenye group la familia kwa hasira, mpigie simu admini akurudishe. Walimu, sikilizeni nyimbo zinazoimbwa wakati wa mapumziko. Na mzee wangu wa kijiweni, kijana akikukosoa kwa adabu, mwambie "nimekusikia," kisha mtanie upendavyo. Yeye anaweza kukujibu.