Mlima ni wa Watu Wote

Watu wengi wakisikia jina la Hong Kong hufikiri habari za maduka, meli na majumba marefu tu. Husahau kwamba nyuma ya majumba hayo upo mlima, na mlima huo una somo kwa kila taifa lililopata kutawaliwa. Leo twataka kulieleza somo hilo.

Karibu na kilele kiitwacho Victoria Peak, chenye kimo cha mita 552, kuna njia ya miguu inayouzunguka mlima. Urefu wake ni kama kilomita 3.5, na mtu aendaye polepole huimaliza kwa muda wa saa moja hivi. Haina mwinuko mkali. Mzee na mtoto waiweza. Upande wa kaskazini njia imejengwa juu ya nguzo ukingoni mwa jabali, na chini yake huonekana bandari nzima, vivuko vikienda Kowloon na kurudi. Upande wa kusini kelele za mji hukatika. Husikika ndege, na mbele ni bahari na visiwa. Apitaye halipi hata senti moja.

Lakini wakati wa ukoloni mlima huu ulikuwa Uzunguni. Mwaka 1904 Serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya kuwakataza Wachina kukaa huko juu, isipokuwa watumishi na wachache waliopewa ruhusa. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya: ati Mzungu ahitaji hewa baridi. Kana kwamba Mchina hana mapafu! Wachina hao hao ndio waliowabeba mabwana kwa machela mpaka milangoni mwao. Marufuku hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1946.

Tena sehemu ya njia hiyo yaitwa Lugard Road. Jina hilo si geni kwetu Afrika Mashariki. Ni Lugard yule yule aliyefika Mengo mwaka 1890 na bunduki ya Maksim, akamtaka Kabaka Mwanga atie sahihi mkataba. Ndiye aliyetawala Nigeria, na ndiye aliyekuwa Gavana wa Hong Kong tangu 1907 mpaka 1912. Bendera ya Uingereza ilishushwa huko mwaka 1997. Jina la Lugard limebaki, lakini wanaolikanyaga ni watu wote.

Hata hivyo, tusidanganyane. Sheria ya rangi imekufa, mlango wa fedha ungalipo. Nyumba za huko juu ni miongoni mwa zile za ghali kabisa duniani, na makabwela wengi wa Hong Kong wamebanana katika vyumba vidogo. Basi wako wasemao: mji wenye watu zaidi ya milioni 7 wawezaje kuacha ardhi bure? Sheria ya mwaka 1976 ilianzisha hifadhi za milima na misitu, ambazo leo zimechukua kama asilimia 40 ya nchi. Zikatwe, wasema, zijengwe nyumba.

Sisi twakubali kwamba mtu kupata nyumba ni haki. Lakini twauliza: msitu ukikatwa, ni nani atakayepewa funguo? Mlima ukishauzwa haurudi. Tajiri ana bustani yake na mashua yake. Mnyonge ana njia hii tu. Mtu ambaye chumbani mwake akinyosha miguu hugonga ukuta, ndiye mwenye haja zaidi ya mlima siku ya Jumapili. Kumnyang'anya mlima kwa kisingizio cha kumpa chumba ni kumlipa haki moja kwa kumnyima nyingine.

Wako ndugu zetu waendao China kwa biashara wakapitia Hong Kong. Twawashauri wasirudi na mizigo peke yake. Watenge asubuhi moja kabla jua halijawa kali, wachukue maji, wapande kwa garimoshi la mlimani au kwa miguu, wakaizunguke njia hiyo. Wakifika penye kibao cha Lugard Road wasiinamishe kichwa wala wasiharakishe. Wapite kwa mwendo wa mwenye mali, kwa maana njia ya umma ni mali ya kila aipitaye, na wananchi wasipoitumia na kuilinda, mwenye fedha ataizungushia ua.